Shemeji Atanivua Kiatu Mbele ya Ukoo

Mshauri mpendwa, pokea shikamoo yangu, na kama nimekuzidi umri basi irudishe kimyakimya, maana mtu aliye katika hali yangu hana nguvu ya kuchagua salamu. Naomba msaada wako na naomba ufiche jina langu, hapa Kiomboi gazeti moja linasomwa na watu arobaini, na mimi nauza viatu vya mtumba sokoni na minadani, kazi niliyoianza baada ya ushirika kutupunguza, kwa hiyo miguu ya nusu ya wilaya naijua na wenye miguu wananijua.

Mwaka jana kaka yangu Fredrick alianguka kutoka kwenye lori la alizeti akafariki, akamwacha mke wake Eliana bila mtoto baada ya miaka sita ya ndoa. Tulipomaliza matanga, baba mkubwa, ambaye ndiye msemaji wa ukoo, akasema nimrithi shemeji kama ilivyo desturi, mimi nikasema baba mkubwa nimefunga ndoa kanisani na Aneth, Kanisa haliruhusu wake wawili, wazee wakaanza kutafuta kofia zao, nikajua nimepona, ndipo akasimama Mwinjilisti Simeoni aliyekuja kutufungia kwa sala. Huyu mwinjilisti tangu ahudhurie semina ya mila za Israeli hali nguruwe na hakusalimii bila kusema shalom, na siku hiyo akatangaza kwamba jambo la baba mkubwa si la kipagani hata kidogo, limo katika Torati, mtu akifa bila mtoto nduguye amtwae mjane ili jina la marehemu lisifutike. Baba mkubwa, ambaye kanisani huingia siku ya ubatizo wa wajukuu tu, aliinuka kwenye kigoda chake akasema, "Kumbe Wayahudi ni Wanyiramba wenzetu!"

Yangeishia hapo ningekataa tu, lakini Simeoni akaendelea, akasema anayekataa anavuliwa kiatu na mjane mbele ya wazee, anatemewa mate usoni, na tangu siku hiyo nyumba yake inaitwa nyumba ya aliyevuliwa kiatu. Wazee walilipenda jambo hilo kuliko mahubiri yote waliyowahi kusikia. Wakapanga Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nane mwaka huu, alizeti ikishaingia ndani, ama nitamke kwamba namtwaa ama nivuliwe. Mimi! Muuza viatu! Sokoni habari ilifika kabla yangu, sasa watu wanapita kwenye banda langu wanauliza, "Bwana Viatu, hicho ulichovaa kinauzwa au kinasubiri Jumamosi?"

Aneth sikumwambia, akayasikia kwenye foleni ya mashine ya kusaga, aliporudi akatua debe la unga akaniambia kwa sauti ya chini, "Baba Redempta, ukiingia nyumba ile, usirudi hii." Hajarudia tena neno hilo, na afadhali angekuwa anarudia.

Tangu hapo situlii, mshauri. Napanga viatu kwa namba, napangua, napanga kwa rangi. Nilifikiri kwenda Jumamosi hiyo na raba buti inayobana ili ishindikane kuvulika, nikafikiri kwenda pekupeku, nikamwuliza Simeoni kama kandambili inahesabika kuwa kiatu, akasema ataangalia kwenye daftari lake la semina. Na Eliana mwenyewe sasa ananidhihaki. Wiki iliyopita alikuja bandani akiwa amevaa kandambili aliyoifunga kwa waya, hakununua kitu, akainama akashika kamba za kiatu nilichovaa mguuni akaniuliza, "Shemeji, hiki kinafunguka upesi?" Nilisikia moto masikioni. Huyu ndiye bibi harusi niliyembebea sanduku lake siku anaingia kwetu, nilimheshimu siku zote! Sasa anashinda uani kwa mama, dada yake wa Nduguti amemwita wakashone wote, ana cherehani mbili, lakini baba mkubwa amesema hakuna kutoka mpaka jambo la ukoo liishe.

Simtaki kuwa mke, naye sidhani kama ananitaka. Nikikubali, Aneth ameondoka na watoto wangu. Nikikataa, nitauza viatu kwa watu gani, na kwa uso gani? Nifanye nini?

Asiyetulia, Kiomboi.

MARIETHA ANAJIBU

Ndugu yangu Asiyetulia, marahaba. Jina lako nimelificha, na hao wengine uliowataja bila kuwauliza nimewabadilishia majina.

Pole kwa kufiwa. Nasema kwa moyo, maana katika kurasa zako nne kaka yako amepata mstari mmoja, na kiatu chako kimepata kurasa mbili.

Nilimwendea mchungaji mmoja mstaafu aliyesoma Kiebrania, nikamsomea barua yako. Alicheka kwanza, kisha akakasirika. Sheria hiyo ipo kweli. Lakini Torati si robota la mtumba, kwamba mtu achakure atoe kipande kinachomtosha baba mkubwa, vingine aviache chini. Wayahudi wameishi nayo maelfu ya miaka na wameifikiria sana. Walimu wao wengi waliona mambo haya ya kumtwaa mjane yana maumivu, wakaelekea upande wa kiatu. Mjane anamfungulia ndugu huyo kiatu cha mguu wa kulia mbele ya waamuzi, anatema mate chini, mbele yake. Chini, ndugu yangu, usoni kwako hayafiki! Na likiisha hilo, unajua kinachofuata? Mjane yuko huru. Anaolewa anakotaka, anakwenda anakotaka, hakuna ndugu wa marehemu mwenye neno juu yake.

Simeoni aliishia kwenye aibu yako. Hapo pa uhuru wake hakufika, au alifika akapita.

Sisi Wakristo hatukufungwa na sheria hiyo, na mwinjilisti wako anajua, maana sijasikia kwamba anachoma sadaka za kondoo hapo Kiomboi. Bwana Yesu mwenyewe aliletewa swali la mwanamke aliyepitishwa kwa ndugu saba, mmoja baada ya mwingine. Walioleta swali walikuwa wanaume watupu na walitaka kushinda mabishano. Yule mwanamke hakuna aliyemleta aulizwe. Mmekaa ninyi na kigoda chenu mkafanya vilevile, na wewe uliyekaa nao sasa unaniuliza mimi kuhusu raba buti.

Sasa rudia kusoma ulichoandika. Mwanamke aliyezuiwa kwenda kwa dada yake anakuja kwenye banda lako, anashika kamba za kiatu chako, anauliza kama kinafunguka upesi. Ukaona dhihaka! Alikuwa anauliza atatoka lini. Nimesoma hapo nikafunga macho, nikamwonea huruma, na wewe nikataka kukuchapa.

Haya, sikiliza. Leo hii, ukimaliza kusoma, nenda kwa Aneth umwambie kwa mdomo wako kwamba huingii nyumba ile. Ulipaswa kumwambia kabla ya mashine ya kusaga. Kisha mwende wote wawili kwa Eliana, mumwulize anataka nini, na anyamaze kila mtu mpaka amalize kusema. Akitaka kwenda Nduguti, kamwambie baba mkubwa kwa heshima zote, shikamoo yake umpe, kwamba humtwai shemeji na hakuna wa kumzuia. Akikubali mjane aende zake siku hiyohiyo, mshukuru Mungu, Jumamosi kauze viatu.

Akikataa, akisema lazima Torati itimie, basi itimie yote mpaka mwisho wake. Waambie wazee watamke kwanza, mbele ya mwenyekiti wa kijiji, kwamba kiatu kikivuliwa mjane ameachiliwa. Kaa kwenye kigoda, nyoosha mguu wa kulia, na kamba uwe umezilegeza kwa mkono wako. Watu watacheka. Cheka nao. Kisha rudi kwa Aneth na mguu mmoja pekupeku.

Na hizo kandambili zilizofungwa kwa waya umeziona, umeziandika, ukaendelea na habari zako. Miguu ya nusu ya wilaya unaijua, na namba ya Eliana hujawahi kuiuliza? Kaiulize. Chagua pea imara, ya kamba, umpelekee kabla ya Jumamosi, maana Nduguti ni mbali.