Migomba Nyuma ya Bafu

Jumatatu, 4 Novemba
Nimemwagilia mchicha, nimepalilia matembele, nimewaangalia nyuki. Wazima. Mzinga uko kivulini, chini ya migomba mitano inayokunywa maji ya bafuni. Mwezi wa pili huu tangu mahakama itukabidhi Tigist na Selam, mimi na mume wangu Masanja. Mama yao alifariki njiani, walipokuwa wakitoka Ethiopia kwenda kusini. Wakalelewa makao ya watoto, na Kiswahili wamekipata huko. Selam ana miaka mitano, anaongea kama redio. Tigist ana kumi na miwili, ananiita "wewe". Begi lake bado limefungwa. Anatoa nguo, anavaa, anafua, anairudisha humo humo. Kabati nililomnunulia liko tupu. Inaniuma.

Kwenye mzinga tu ndipo anapotabasamu. Nyuki wanamtembelea mkononi wala hashtuki.

Jumatano, 6 Novemba
Joto. Mawingu ya kutudanganya tu. Tigist kaniuliza migomba yetu ina umri gani. Swali lake la kwanza kwangu. Nimefurahi kama mjinga, nimemjibu kwa kirefu kuliko alivyotaka.

Jumamosi, 9 Novemba
Nimerudi kutoka sokoni nikakuta migomba minne iko chini. Tigist, na panga langu. Kaacha mmoja, ule wenye mkungu. Mashina kayachana, kayakwangua juu ya ubao mpaka yamebaki nyuzi na majimaji. Kafunga yote kwenye majani, kafukia shimoni nyuma ya bafu. Selam alikuwa msaidizi, na gauni la kanisani. Utomvu wa mgomba hautoki kwenye nguo. Kila mtu anajua, isipokuwa hawa wawili.

Nimefoka. Kisukuma kwanza, halafu Kiswahili. Miaka mitatu naibebea maji migomba ile katika ukame huu wa Bariadi. Tigist kaangalia chini, hakujitetea. Masanja kasema nimuulize kwanza sababu. Sikumuuliza. Sikutaka sababu, nilitaka migomba yangu.

Jumatatu, 11 Novemba
Mzinga uko juani kutwa. Nyuki wametoka, wananing'inia mlangoni kama ndevu. Masanja kafunga turubai juu yake. Hawajatulia.

Jumanne, 12 Novemba
Wamehama. Nilisikia mvumo juu ya paa, nikatoka, nikawaona wanaelekea mtoni. Masega matupu. Nimekaa chini kwenye vumbi. Tigist akaja akasimama karibu, nikamwambia: "Umeona? Hata nyuki wamekukimbia."

Naliandika kama lilivyotoka. Nina mdomo mbaya.

Alhamisi, 14 Novemba
Tigist hali chakula. Tangu asubuhi begi liko mlangoni, na kiroba cha nguo za Selam pembeni yake. Masanja kamuuliza, "Ng'wanone, mwanangu, safari ya wapi?" Kajibu kwamba anasubiri gari la ustawi wa jamii. Ameharibu, kwa hiyo watarudishwa. Kasema bila kulia. Aliyelia ni mimi, chooni, nimefungulia bomba wasinisikie.

Jumamosi, 16 Novemba
Leo nimeuliza. Tumekaa wawili kwenye visiki vya migomba. Kwanza nikamwomba radhi. Nikamwambia nyuki wamelikimbia jua, hawakumkimbia yeye, na hakuna gari linalokuja. Kisha akaeleza. Kwao kuna mmea unaofanana kabisa na mgomba. Tunda lake hawalili. Wanaukata kabla haujazaa, wanakwangua shina, wanafukia mpaka lichachuke, wanapata unga wa mkate. Mama yake alikuwa akiifanya kazi hiyo na wanawake wa jirani, wakiimba.

Nikamwambia taratibu kwamba migomba yangu siyo ile, haitatoa mkate.

"Najua ni ndizi," akasema. "Nilitaka harufu tu. Selam amemsahau mama. Nilifikiri akinusa atamkumbuka."



Jumapili, 24 Novemba
Baada ya ibada tumelifukua shimo. Mashina yamechacha sawasawa. Harufu kali, mpaka majirani wamechungulia. Tigist akafumba macho, mabega yakamshuka. Akachota kidogo, akampelekea Selam puani. Selam akanusa. "Inanuka," akasema, akacheka, akakimbilia kuku.

Tigist akabaki na mkono uko vile vile, hewani. Sijawahi kuona uso wa mtoto ukizeeka ghafla hivyo. Nikaushika ule mkono, nikanusa mimi. Nikamwomba anisimulie mimi, niwe naye kwenye kukumbuka, halafu siku moja tutamsimulia Selam. Akalia, kwa mara ya kwanza tangu aje. Akaanza na vidole vya mama yake. Vilinuka hivi hivi hata siku ya kanisani, hata akivisugua kwa ndimu.

Jumatano, 27 Novemba
Mvua, hatimaye. Visiki vya migomba vimetoa vichipukizi. Nimepaka nta ndani ya mzinga, labda kundi lingine litapita. Nyuki hakuna. Selam kaniuliza wamekwenda wapi, nimesema sijui. Shimo tumelifukia tena, Tigist ndiye aliyetaka. Jua limetoka jioni. Kwenye kamba, kati ya sare za shule na gauni lenye madoa, kuna begi. Limefuliwa, limegeuzwa ndani nje, linachuruzika. Sikumwambia alifue. Nimelipita kimya, nimekwenda kuchuma mchicha.