Kibuyu Kinachonuka Moshi

Mdogo wangu Bhoke,

Shikamoo yako niliipata kwenye simu, marahaba sana. Goti lako limepoa? Mvua ya huko Itiryo imewaachia mahindi? Mimi kifua kimenishinda, naandika nimelala, kwa hiyo uvumilie mwandiko. Daktari anasema polepole, mimi naelewa haraka.

Nina neno la kukuambia kabla sijaondoka. Nilikudanganya kwamba kibuyu cha maziwa cha mama kilivunjika kwenye lori tulipohama. Ukanicheka: "Mwalimu mzima! Kibuyu kimeviringishwa blanketi, kimevunjikaje, kaka?" Hakikuvunjika, Bhoke. Nilikiuza.

Nyumba hii mpya ya Morogoro ni ndogo. Mwanangu Ghati alisema vitu visivyotumika tuviuze mtandaoni, akanifundisha kupiga picha na kuandika maelezo. Zikaenda suti zangu, mapazia, pasi. Na watu walinijibu! Mtu anayeshinda kitini, ghafla anaulizwa, "Babu, leo una nini?" Kibuyu Ghati alikiweka kando. "Hiki hapana, baba." Alipokwenda kazini nikakipiga picha, nikaandika chini yake: pambo la sebuleni. Mama alinipa kile kibuyu kimejaa maziwa nilipokwenda kuanza ualimu, akasema kirudi nyumbani. Mimi nikakiita pambo.

Uliposema mjukuu wako Robi anaolewa na unataka umkabidhi kibuyu hicho, ndipo nikakudanganya kimevunjika, kisha nikaanza kumtafuta mnunuzi. Hakupokea simu. Jana kapiga mwenyewe, kwa hasira.

"Babu, mbona hukusema kinanuka? Nimekiosha kwa sabuni mara tatu, bado moshi tu! Maua yangu yananuka jiko."

Nililia mpaka akashtuka. Ule ni moshi wa kijinga cha moto ambacho mama alikizungusha ndani ili maziwa yasiharibike. Unakumbuka alivyokuwa akikohoa huku anacheka?

Amesema atakirudisha Jumamosi. Lakini watu hawa husema Jumamosi wakaja Jumanne, na mimi Jumanne sina hakika nayo. Ghati anajua yote na ndiye atakayekileta. Nakuomba, usimlaumu, wala usimhoji mbele za watu. Alinikataza.

Mwambie shemeji, mumeo, kwamba bao letu tuliloliacha katikati nimelikubali, kashinda. Robi mwambie babu anambariki.

Kikifika bila mimi, kifungue kwanza, unuse. Ndipo unihukumu.

Kaka yako,
Marwa