Mkusanyiko wa Muda wa Maji ya Mvua

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na wifi yangu na watoto. Sisi huku tu wazima, tunakula na kulala, na shida zetu ni zile zile ulizotuacha nazo. Mama hajambo. Magoti yanamsumbua asubuhi, ila jua likipanda kidogo amekwisha kuyasahau na anafuta viti vyangu kama ameajiriwa. Amenisisitiza kwamba kabla ya habari yoyote nikuulize kifua chako kinaendeleaje. Basi nimeuliza.

Biashara ya viti na maturubai inakwenda. Zile spika mbili ulizoninunulia zimenipa jina jipya mtaani. Siku hizi hawasemi tena dada wa viti, wanasema dada wa spika. Zina sauti safi mno, mtu akimeza mate unamsikia. Kumbuka hilo la mate, nitalirudia.

Nimeamua kuandika barua kwa sababu simu yako siku hizi inaita mpaka inachoka. Na barua ina uzuri wake, huwezi kuikata katikati.

Habari kubwa ya huku ni kikao cha kupokea maoni ya wananchi kuhusu nyumba zinazotaka kujengwa kule bondeni, nyuma ya kiwanda cha matofali, pale tulipokuwa tumepanga chumba kimoja utotoni. Kampuni inataka kumwaga kifusi, kuinua ardhi, na kupanga juu yake nyumba zenye mapaa mekundu. Mtaa umepewa jina kabla haujazaliwa, eti Bustani ya Utulivu. Labda utulivu wa vyura. Maji yanayolala pale kila mvua kubwa, yakishanyang'anywa kitanda chake, yatakuja kulala kwetu, maana baada ya bonde, mtaa unaofuata upande wa chini ni wetu. Maji hufuata mkondo, hayasomi mabango. Na chumba cha mama ndicho cha kwanza ukitokea upande wa mtaro. Nakuandikia hilo mapema ili usije ukasema hukuelewa jambo hili linamhusu nani.

Kikao kilifanyika kwenye ukumbi wa shule ya msingi. Viti vyangu, spika zangu, na mezani kitambaa changu cha kijani chenye doa ambalo huwa nalifunika kwa jagi la maji. Aliyevikodi ni kampuni, si halmashauri. Yaani anayechunguzwa ndiye aliyewakalisha wachunguzi wake, na hakuna hata mmoja aliyeona ajabu. Walikaa wakakunja nne.

Msemaji wa kampuni ni kijana wa viatu vyenye ncha. Mimi namwita Bwana Tabasamu kwa sababu meno yake hayapati mapumziko. Alituonyesha filamu ukutani, watoto wanaendesha baiskeli kandokando ya kiziwa kidogo cha buluu. Jirani yetu muuza mkaa akauliza kile kiziwa wamekichora wao au kitajileta chenyewe. Akaambiwa maswali ni mwisho. Nikacheka peke yangu pale kwenye meza ya spika. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Hizi nyumba zenyewe ngoja ziundwe kwanza, kuelea kutafuata.

Safu za mbele zilijaa watu waliovalishwa kofia za kampuni. Nawajua wote, maana nakutana nao kila ninapopeleka viti. Ndio hao wanaolia kwenye misiba ya watu wasiowajua na kupiga vigelegele kwenye harusi wasizoalikwa. Mkono mtupu haulambwi, na kofia na soda si mkono mtupu. Bwana Tabasamu alipotaja maendeleo walipiga makofi. Alipotaja mitaro walipiga makofi. Alipokohoa kusafisha koo wawili walipiga makofi kisha wakaona aibu. Na katikati yao, kofia imemkaa kichwani kama sufuria, alikuwa fundi viatu, jirani yetu wa zamani wa kule kule bondeni. Alinipungia mkono. Nikajifanya natafuta waya.

Mwenyekiti alitumwa na halmashauri. Ni mtu aliyenenepa kwa mikutano. Kila mwananchi aliyesimama alihimizwa awe mfupi, wakati kampuni ilijimwaga itakavyo. Mwalimu wa hesabu aliuliza kalavati la barabarani litabebaje maji yote yatakayosukumwa na kifusi, akajibiwa kwamba swali lake ni la kitaalamu mno kwa kikao cha wananchi. Seremala akauliza hilo hilo kwa maneno ya kawaida, akajibiwa kwamba swali lake si la kitaalamu. Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa mara zote mbili. Ukiwa na mwenyekiti wa namna ile huhitaji mahakama, unahitaji mto wa kulalia.

Ndipo wakamleta mtaalamu wao. Kumleta ni namna ya kusema tu, kwa sababu hakuja. Bwana Tabasamu alitangaza kwamba mtaalamu wa maji aliyeandika ripoti ataongea nasi kutoka mjini kwa njia ya mtandao, ila kamera imezimwa kwa kuwa mtandao ni dhaifu. Mtandao huo huo dhaifu ulikuwa umetuonyesha filamu yao nzima bila kukwama hata mara moja. Jina lake hawakulitaja. Walisema tu mtaalamu, na wenye kofia wakapiga makofi kwa kioo cheusi.

Akaanza. Waheshimiwa, mabibi na mabwana. Sauti laini, ya mtu aliyekaa ofisini penye zulia. Akasema ardhi ya bondeni imepimwa na kuonekana inafaa. Akasema eneo lile halina historia ya mafuriko inayofahamika kitaalamu. Akasema yale ambayo wakazi wengine huyaita mafuriko yalikuwa, na hapa nayaandika maneno yake kama yalivyotoka kwenye spika, mkusanyiko wa muda wa maji ya mvua.

Nimekutana na watu wengi wa kudharauliwa katika kazi hii. Nimewapelekea viti wanasiasa, nimewapelekea wanandoa waliokwisha kuchukiana kabla ya keki. Lakini yule aliwapita wote. Kwa lugha yake njaa ni ucheleweshaji wa muda wa chakula, na kaburi ni makazi ya kudumu. Bwana Tabasamu angalau ni mwongo wa kuajiriwa, kesho atauza sabuni kwa meno yale yale. Mwenyekiti ni mvivu. Wenye kofia wana kiu. Huyu alisomeshwa maji, tena alisomeshwa kwa jasho la watu, halafu akayakana maji yenyewe kwa Kiswahili kilichonyooka.

Akaendelea mpaka akapatwa na kikohozi. Kilikuwa kikohozi kikavu, kifupi, chenye filimbi nyembamba mwishoni pumzi inapovutwa.

Mama alikuwa amekaa karibu nami, anahesabu viti kwa macho kama kawaida yake. Akainua kichwa kama mtu aliyeitwa. Akasimama, magoti yale yale, akapita katikati ya watu mpaka kwenye kipaza sauti cha wananchi. Mwenyekiti akamwambia zamu yake bado. Hata hakugeuka. Akakishika kile kipaza sauti kwa mikono miwili, akakiangalia kile kioo cheusi ukutani, uso wake umejaa furaha ambayo sijaiona tangu mwaka jana.

"Mwanangu, hujambo? Kifua bado hakijapona?"

Basi, Kitinda, sina haja ya kuzunguka tena. Mtaalamu ulikuwa wewe.

Yaliyofuata hukuyaona, kwa kuwa kamera uliizima mwenyewe, kwa hiyo nakusimulia. Bwana Tabasamu alinionyesha ishara ya kukata koo, nizime sauti. Nikaongeza. Nilikwambia spika ni nzuri. Ukumbi mzima ulikusikia ukimeza mate. Tulikusikia ukivuta pumzi, ile filimbi ikalia mara moja, mara ya pili, tukasubiri. Kisha ukakata.

Mama akawageukia watu akitabasamu, akawaambia wamsamehe, mtandao umekatika, huyo ni kitinda mimba wake. Akaeleza kwamba kifua kile anacho tangu udogo, tangu siku maji yalipoingia chumbani kwetu bondeni mchana kweupe. Alinipandisha mimi juu ya kabati, wewe akakuweka mabegani, akasimama hivyo hivyo maji yakiwa yamemfika kifuani, na uliteleza mara moja ukanywa tope kabla hajakudaka. Akamnyooshea kidole fundi viatu, akasema huyu hapa ndiye aliyeng'oa bati akatutoa kwa juu. Hakuwa analalamika. Alikuwa anakutambulisha, kama siku ile ulipofaulu mtihani. Fundi viatu alivua kofia taratibu, akaiweka chini ya kiti.

Bwana Tabasamu alisimama haraka. Akasema tumheshimu bibi yetu, lakini umri nao una mambo yake, ni dhahiri amechanganyikiwa na kudhani kila sauti ni ya mwanawe. Watu wakaguna. Mwenyekiti, ambaye sasa alikuwa macho kabisa, akanigeukia mimi. Akaniuliza, kama binti yake, mama akili zake ziko sawa, na je, sauti ile mimi naijua?

Hapa ndipo ninapotaka unisome polepole. Nilikutambua kabla ya mama. Nilikutambua kwenye Waheshimiwa, hata kikohozi hakijaja. Na nilinyamaza. Ulipoita yale maji mkusanyiko wa muda nilinyamaza, mkono wangu uko kwenye kitufe cha spika ulizoninunulia wewe, nikawaza nikuache umalize, nikusanye viti vyangu, nirudi nyumbani nikajifanye sikuwepo. Dharau yote niliyoimwaga humu, fungu langu limo. Na lile swali la mwenyekiti lilikuwa jepesi. Ningesema tu kwamba mama siku hizi amekuwa akisahausahau, ungepona. Ripoti ingepona, kazi yako ingepona, na mama angerudi kwenye kiti chake akiwa mzee aliyechanganyikiwa, mbele ya mtaa mzima.

Nikamwangalia. Alikuwa bado ameshika kipaza sauti, ananisubiri nimrekebishie mtandao.

Nikasema, "Mama yangu ana akili zake zote. Yule ni mdogo wangu. Na maji yalipoingia bondeni, alikuwa juu ya mabega ya mama."

Mwenyekiti akatangaza kwamba ripoti haitapokelewa mpaka mwandishi wake aje mwenyewe, asimame pale ukumbini na aulizwe. Kikao kitarudi mwisho wa mwezi huu. Wito rasmi utaupata, mimi nakutangulizia tu. Kwa mara ya kwanza meno ya Bwana Tabasamu yalipumzika.

Najua kazi unaweza kuikosa. Sikuombi msamaha kwa hilo. Ulipokuwa unaondoka kwenda chuo ulituambia unakwenda kusomea maji ili watoto wengine wasikae juu ya makabati. Mama alilirudia neno lile dukani, kisimani, kila mahali, mpaka watu wakamchoka. Mimi mwenyewe nililirudia. Njia ya mwongo ni fupi, ila sikujua kwamba yako ingeishia mlangoni kwa mama.

Tangu siku ile majirani wakimuuliza anawajibu kwamba mtandao ulikatika. Ametoa godoro lako juani, amepiga vumbi, ameshona upya mfuko wa mto. Nikadhani hajaelewa kitu, nikamwonea huruma, nikaona afadhali asielewe. Jana jioni tulikuwa tunakunja shuka uani, yeye ncha zile, mimi ncha hizi. Akaniuliza yale maneno uliyosema kuhusu mvua yalikuwaje hasa, yeye hakuyashika vizuri. Nikamwambia. Akataka niyarudie. Nikayarudia. Akaja mpaka kwangu na ncha zake, akazikutanisha na zangu, akalilaza lile shuka mkononi.

"Basi mwambie aje. Aje anieleze, siku ile nilikuwa nimesimama ndani ya nini."

Kisha akaniuliza kama bado unalalia mto mmoja au miwili.

Sina zaidi. Godoro lako limekauka. Kiti cha mbele nimekuwekea, na spika nitazileta mwenyewe. Ukizitaka baada ya kikao uondoke nazo, sitakuzuia. Wifi na watoto nisalimie sana. Mama anakusalimu, na anakuuliza tena kifua kinaendeleaje. Safari hii usikate, umjibu.

Ni mimi dada yako,
Wa Viti na Spika