Mama Mkwe Kwenye Kiti cha Katikati

Jumanne, 1 Julai 2025

Imewaka! Imewaka bila kusukumwa na bila matusi! Miaka minne nimelala zaidi chini ya hii Land Rover kuliko nilivyolala kando ya mke wangu Delphine — maneno ni ya Delphine mwenyewe, na hakosei sana. Leo asubuhi nimezungusha manivela ya kuwashia mara moja tu. Ikakohoa, ikatema moshi mweusi kwenye mashuka ya jirani, ikawaka. Dodo, mchomeleaji wangu wa Shituru, akacheza rumba peke yake uani na spana mkononi. Jirani akaja kulalamika. Nikamwambia kwa fahari: ni ya mwaka 1971! Akauliza nini, gari au mashuka.

Furaha imedumu mpaka mke wangu alipotoka jikoni. Amekumbusha kwamba Jessica wetu anaolewa Agosti, na hema la wageni litasimama hapa hapa gari lilipo. Amekumbusha pia kwamba niliahidi kuyauza magari yangu yote mabovu. Ni kweli, niliahidi. Jeep isiyo na injini ilikwenda Kambove mwezi wa tano, Toyota isiyo na paa ikaifuata. Imebaki hii. Lakini ile ahadi niliitoa siku ambayo ilikataa kuwaka kabisa! Siku ile ningeahidi hata kuacha bia.

Ijumaa, 4 Julai

Mnunuzi amepatikana. Anaitwa Magloire, ana mgahawa Lubumbashi na viatu vyeupe. Viatu vyeupe, Likasi, kiangazi, na vumbi lote hili! Ameizunguka Land Rover akiigongagonga kama mtu anayechagua tikiti maji. Hajauliza hata swali moja juu ya injini. Miaka minne ya injini — hata moja! Tumepeana mikono mbele ya Delphine. Atakuja kuichukua Jumapili ya wiki ijayo, tarehe 13.

Ni baada ya kupeana mikono ndipo nimemwuliza ataipitisha barabara gani. Akacheka. Kuendesha? Non, non, mon vieux. Ataisimamisha mbele ya mgahawa, nyuma ajaze udongo, apande maua. Watu wapige picha.

Maua!

Nimetabasamu mpaka mashavu yakauma. Jioni nimekula bukari, ugali wetu, bila kusikia ladha yoyote. Nimeumia, sina neno lingine. Lakini mkono nilishautoa, na mbele ya mke wangu.

Jumapili, 6 Julai

Mama mkwe ametuma ujumbe. Kutuma! Anakaa chumba cha nyuma, hapo tu, ninasikia anavyopiga chafya. Ila yeye ni mama wa Delphine, na sisi ni watu wa Kasai. Tumezaliwa Likasi wote, Kasai yenyewe tunaijua kwa picha za harusi za wajomba, na labda ndiyo maana tunashika desturi kuliko walio kule. Mwanamume haongei na mama wa mke wake. Hamtazami usoni. Hagusani naye. Nikipita uani nakohoa, yeye anageukia ukuta. Tangu nioe, zaidi ya miaka ishirini, sijamwambia neno wala yeye hajaniambia. Nikitaka asikie jambo, naliambia ukuta wa jikoni kwa sauti kubwa. Yeye akitaka nisikie, anamwambia Delphine nikiwa nimesimama hapo hapo. Tunasikilizana vizuri kuliko mimi na kaka zangu.

Basi leo, baada ya misa, nikiwa nimeinama ndani ya boneti, akaanza kusema kutoka dirishani:

— Delphine, ambia bwana yako. Baba yako alitumikaka na motokari sawa hii, alikuwa anapeleka ba-ingénieur ku barrage ya Mwadingusha. Minye nilikuwa naiosha. Kama inakataa, minye njo nilikuwa naisukuma. Hata siku moya sikuipanda. Kampani ilikatazaka babibi. Mbele ya kuiuzisha, anipeleke ku barrage.

Delphine akanigeukia: Mama anasema...

Nilishasikia. Mtaa mzima wa Kikula umesikia. Marehemu baba mkwe wangu, Baba Adrien, aliendesha gari la kampani karibu maisha yake yote, na huyu mama alilisugua kila Jumamosi bila kulikalia hata mara moja, kwa kuwa wake walikatazwa. Nimeuambia ukuta: Bwawa la Mwadingusha, Jumamosi! Na huko jikoni sufuria zikaanza kugongana na mtu akaimba wimbo wa kanisa kwa sauti mbaya sana.

Jumatano, 9 Julai

Kuna tatizo. Nimejifunga kamba mwenyewe.

Hii Land Rover ni pick-up. Nyuma hakuna kiti, na Delphine amesema mama yake hatabebwa nyuma kama kiroba cha unga. Mbele kuna nafasi tatu. Nilipanga hivi: mimi kwenye usukani, Delphine katikati kama mpaka wa nchi mbili, mama dirishani. Vizuri kabisa. Lakini tumbo la Delphine! Mke wangu akisafiri umbali wowote unaozidi soko anatapika. Lazima akae dirishani. Kwa hiyo mama atakaa katikati.

Na katikati ndiko iliko levier ya vitesse, mkono wa gia. Pamoja na ile ndogo yenye kichwa chekundu na ile ya njano. Zote zimesimama mahali ambapo abiria wa katikati anaweka miguu. Yaani ili niingize vitesse ya pili, lazima nipitishe mkono wangu kati ya magoti ya mama mkwe wangu.

Nimemweleza Dodo. Amelala chini, kabisa, mgongo kwenye mafuta ya injini, akicheka. Kisha akashauri:

— Mugeuze, aangalie nyuma!

Fundi wa bure.

Delphine ndiye aliyepata njia. Tumefunga waya kwenye paa na kuning'iniza kikwembe cha kujifunga kati ya usukani na kiti cha katikati. Mimi nakanyaga ambreyaji, klachi. Namwambia Delphine: ya pili. Delphine anamwambia mama: ya pili. Mama anavuta levier. Hakuna kuangaliana, hakuna kugusana. Tumefanya mazoezi uani, injini imezimwa, mimi nikiunguruma kwa mdomo. Mara ya kwanza mama amevuta ile nyekundu. Mara ya pili amevuta breki ya mkono. Mara ya tatu imeingia, kwa nguvu kiasi kwamba kichwa cha levier kimebaki mkononi mwake. Sauti kutoka nyuma ya kikwembe:

— Delphine, ambia bwana yako levier iko mugumu sawa kichwa yake.

Ijumaa, 11 Julai

Baridi. Nimeweka grisi kwenye levier. Breki nimezifunga na kuzifungua tena, zinashika, ila kwenye mteremko mrefu zisitegemewe zenyewe tu. Delphine ameshona pindo la kikwembe! Nimemwuliza kama hicho nacho kinauzwa pamoja na gari. Hajacheka.

Jumamosi, 12 Julai

Nimerudi.

Tumetoka asubuhi. Mama amevaa nguo za Pasaka na amebeba mkoba, chupa ya chai na ndizi za kutosha kikosi cha askari. Mpaka mwisho wa lami kila kitu kimekwenda kama serikali inavyopaswa kwenda: mimi natoa amri, Delphine anapeleka, mama anatekeleza. Ya tatu! Mama, ya tatu! Krrrak. Watu wa barabarani wamekiona kikwembe na kuanza kupiga vigelegele, nadhani walifikiri tumebeba bibi harusi.

Baada ya lami Delphine akaanza kuwa kijani.

Kisha ule mteremko wa kushukia mto Lufira. Mrefu, umejaa changarawe. Ukitaka kushuka salama unaingiza ya pili na kuacha injini ishike gari. Nikasema: ya pili. Levier haikusogea. Nikasema tena. Delphine alikuwa na kichwa chote nje ya dirisha, anatoa chai na ndizi. Gari likaongeza mwendo. Nikakanyaga breki — ikashika, halafu ikalegea. Na huko chini, katikati ya njia, lori la magunia linapanda taratibu, limechukua barabara yote kama mtu mnene kitandani.

Mkono wangu ukaenda wenyewe kuelekea kwenye kikwembe. Ukasimama. Gari linaniponyoka, lori linakuja, na mkono wangu umesimama hewani ukikumbuka desturi! Mjinga kama mimi hajazaliwa.

Nikapiga kelele:

— Mama! Ya pili! YA PILI, MAMA!

Neno la kwanza katika miaka yote ile. Na nililipiga kwa sauti ya kocha wa mpira.

Hakuuliza. KRRRAK. Injini ikalia, Land Rover ikajikunja, waya ukakatika, kikwembe kikaniangukia puani. Nikakitupa, nikaingiza magurudumu ya kulia kwenye majani, lori likapita karibu sana, dereva wake akinitukania mama yangu mzazi. Tukasimama chini kabisa, mbele ya mto.

Ndipo nilipomwona. Uso wote, kwa karibu. Ana mdomo wa Delphine. Sikujua. Na alikuwa anacheka! Machozi yanamtoka, anacheka kimya, mikono miwili bado imekumbatia ile levier. Nikampenda, naandika hapa kwa sababu hakuna mahali pengine pa kulisema. Nikageuza macho haraka.

Delphine akaingiza kichwa ndani, anajipangusa. Akauliza ni nani amepiga kelele. Mama akaangalia mbele, akatengeneza kilemba chake:

— Injini iko na makelele mingi. Minye sikusikia muntu.

Akaokota kikwembe, akafunga fundo kwenye waya, akakipachika tena kwa pini ya nywele. Hivyo basi haikutokea. Rasmi haikutokea.

Kwenye barrage walinzi wametuzuia mbali kidogo, lakini maji yanaonekana na kusikika. Mama hajashuka. Amekaa pale pale katikati, mkoba magotini, anaangalia. Mwishowe akamwambia Delphine:

— Donc njo huku alikuwa anakuja, ananiacha minye na batoto kila juma. Ni pazuri, ule bwana mubaya. Angenileta hata usiku.

Delphine amelia. Mimi nilikuwa nyuma ya kikwembe, hakuna aliyeniona, kwa hiyo mimi sikulia.

Wakati wa kurudi sikuwa na ukuta. Nikakiambia kikwembe. Nikasema kwa sauti kubwa, nikiangalia barabara, kwamba kesho Bwana Magloire anakuja, kwamba ataijaza udongo nyuma na kupanda maua, na kwamba haitatembea tena. Delphine akanirukia: unasema na nani? Nikamjibu, najisemea tu.

Mpaka nyumbani, nyuma ya kikwembe, levier imekuwa ikiingia kila mara mapema kidogo kuliko nilivyoomba.

Jumapili, 13 Julai

Ninaandikia chooni. Wananigongea mlango.

Mama mkwe hakwenda misa leo. Huyu mwanamke alikwenda misa hata siku paa la kanisa liliporuka! Tumemkuta, tuliporudi, ndani ya Land Rover. Kiti cha katikati. Nguo za Pasaka, mkoba, chupa ya chai. Milango yote miwili ameifunga kwa ndani, kikwembe kimening'inizwa vizuri upande wa usukani.

Magloire amefika, na dereva, na lori la kukokota gari, na viatu vyeupe vilevile. Amemsalimia mama kwa heshima kupitia kioo. Mama amemwitikia vizuri sana, akamwuliza habari za watoto. Hakufungua.

Delphine amekwenda dirishani:

— Mamu, shuka, tafazali. Mwenye motokari eko hapa.

— Mwenye motokari njo bwana yako. Kama anataka nishuke, aniambie yeye mwenyewe, na kinywa yake.

Delphine akageuka. Wote wakageuka: Magloire, dereva wake, jirani wa mashuka, na Dodo ambaye hakualikwa. Nikamkumbusha mke wangu, kwa upole, kwamba mwanamume wa Kasai haongei na mama mkwe wake. Siyo mimi niliyeweka sheria. Hata kama ningependa kusaidia!

Delphine amenisogelea. Ana macho ya kuchoma chuma.

— Weye! Jana ku Lufira nilikusikia! Minye natapika, lakini masikio yangu haitapike!

— Lufira? nikasema. Lufira injini ilikuwa na makelele mingi.

Kutoka ndani ya gari, nyuma ya kikwembe, mtu amekohoa. Halafu nimesikia sauti ninayoijua, ya chuma kuingia mahali pake: ameingiza vitesse ya kwanza. Sasa hata wakivuta, haitatoka kirahisi.

Nikasema nina haja ndogo.

Magloire anauliza huko nje, kwa Kifaransa kizuri, ni nani hapa nyumbani anayeweza kuzungumza na huyu mama. Delphine anapiga mlango kwa kiganja, anasema hema la Jessica, anasema ahadi, anasema mkono niliotoa. Yote ni kweli. Nitatoka. Lazima nitoke, na nikitoka lazima nipite mbele ya ile Land Rover, na yeye amekaa pale ananisubiri.

Nimekohoa humu ndani, kama desturi inavyotaka, ili ajue nitapita.