Minazi Imo, Muguka Haumo

Alhamisi, mwezi wa nane. Hapa Dallas manyunyu hayajakatika tangu alfajiri, na nguo nilizoanika Jumatatu bado mbichi. (Dallas ya Embu, jamani, msinitumie salamu za Amerika tena.) Kule Gachoka nilikoshinda leo hakukuwa na hata wingu la kuombea. Nimerudi na vumbi mpaka kwenye nyusi. Nimeoga mara mbili. Mara ya tatu nimeacha, maana sabuni haina kosa.

Leo sitaandika kuhusu majirani wala mapenzi. Leo naandika kuhusu mtu mbaya ninayemjua vizuri.

Kwa aliyeingia hapa mara ya kwanza: kazi yangu ni tathmini ya mazingira. Mtu akitaka kujenga kiwanda, kampuni yetu ndogo huenda kuwauliza wenyeji wanalima nini, wanateka maji wapi, wanaugua nini. Tunaandika ripoti, mamlaka inaisoma au haiisomi, kibali kinatoka. Kiwanda kikishaanza kazi tunarudi kukikagua. Anayetulipa ni yule yule anayetaka kujenga. Sasa hebu fikiria ni mara ngapi tumemwambia asijenge.

Miaka miwili iliyopita tulifanya tathmini ya kiwanda cha saruji karibu na Gachoka. Sasa kiwanda kimesimama, chokaa inachimbwa, tanuri halizimwi, na malori yanapita kwenye barabara ya udongo kutwa kucha. Leo tulikwenda kwenye ukaguzi.

Asubuhi garini nilisoma tena ripoti yetu ya kwanza. Bosi wangu ndiye aliyeiandika. Sote tunamwita Daktari, ingawa sijasikia aliyewahi kupona mikononi mwake. Kuna ukurasa unaosema vumbi la saruji lisiachwe litulie juu ya minazi, na kwamba kiwanda kinyunyizie barabara maji ili minazi ya wenyeji isidhurike. Minazi! Gachoka! Mahali ambapo hata mtama huota kwa kubembelezwa. Daktari aliinakili sehemu ile kutoka kwa kazi aliyoifanya Pwani, akabadilisha jina la kaunti, akasahau minazi.

Nilicheka peke yangu. Kisha nikatafuta neno muguka, kurasa zote, mwanzo hadi mwisho.

Halimo hata mara moja.

Nikaacha kucheka. Minazi ni kosa la Daktari, lakini muguka ni kosa langu.

Muguka ndio unaolisha Mbeere yote, Gachoka ikiwemo, na asiyejua hilo hajawahi kufika. Ni majani ya kutafuna, ndugu wa miraa, na kanisani yanahesabiwa dhambi. Huchumwa machanga asubuhi, hufungwa, na kabla ya giza yako njiani kwenda mijini. Hayaoshwi. Ukiyaosha yanageuka meusi na hakuna atakayeyashika. Yanatoka mtini yanaingia mdomoni, kwa hiyo lililotua juu ya jani ndilo mteja atakalolimeza.

Mimi nimesomeshwa na majani hayo. Mama yangu alifariki nikiwa darasa la tano, na dada yake akanichukua. Namwita tata, kama tunavyowaita shangazi na mama wadogo kwetu. Tata Marigu ana robo ekari ya muguka iliyopandwa na marehemu mumewe. Kila muhula alikuwa anachuma, anauza, anakunja pesa ndani ya leso, ananipa huku ameangalia pembeni ili nisione aibu ya kupokea. Shahada yangu ya sayansi ya mazingira imetoka kwenye miti ile, kuanzia ada hadi gauni la mahafali.

Basi sikiliza nilivyomlipa.

Siku ya tathmini ya kwanza tulikusanya watu uani kwa kanisa. Pasta alikaa mbele, kiti cha plastiki, mikono juu ya tumbo. Kila mtu alikuja mezani kwangu, nikamuuliza analima nini, nikajaza fomu, akatia sahihi, akaenda kupokea soda na mkate. Na kwa sababu pasta alikuwa hapo, wote walilima ndengu siku ile. Ndengu, kunde, mtama. Mzee ambaye vidole vyake vilikuwa bado kijani kwa utomvu wa muguka aliniambia ndengu. Pasta alitikisa kichwa kwa kuridhika, chini ya mabati yaliyonunuliwa kwa sadaka ya muguka.

Tata alikuwa wa mwisho mwisho. Ni mwanamke wa kanisa kuliko wote pale, lakini hajui kudanganya. Alisimama mbele yangu akatabasamu kwa fahari, maana ndiyo mara ya kwanza alikuwa ananiona kazini.

Daktari alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. Tukiwa njiani alikuwa amesema watu wa huku kazi yao ni kutafuna tu, mbuzi na mwenye mbuzi hawana tofauti. Garini tulikuwa wanne na mimi ndiye niliyecheka zaidi.

"Mimi niandikie mu..." Tata alianza.

"Ndengu," nikamkata. "Mama huyu analima ndengu."

Mama huyu. Nilimwita kama mtu niliyemkuta stendi. Alinitazama, akamtazama Daktari, akaelewa kila kitu, akachukua kalamu na kutia sahihi. Hakusubiri soda.

Yaani kati ya watu wote waliokuja pale, mmoja tu alikuwa tayari kusema kweli mbele ya pasta, na mimi ndiye niliyemziba mdomo. Wengine waliogopa Mungu na serikali. Mimi niliogopa kujulikana kwamba nimelelewa na muguka.

Haya, turudi leo.

Uani kwa kanisa pale pale, pasta yule yule, kiti kile kile. Daktari alieleza kwamba kiwanda kimetimiza masharti yote yaliyo kwenye ripoti. Ni kweli, minazi haijapata madhara yoyote. Akauliza kama kuna mwenye malalamiko kuhusu mazao. Watu wakatazama chini. Walikuwa wamebanwa na ndengu zao wenyewe.

Tata akasimama. Amekonda. Alikuwa ameshika kifungu cha majani ndani ya jani la mgomba, akakifungua mezani mbele yetu. Vichipukizi vile vinavyopaswa kung'aa vilikuwa na weupe kama vimepakwa unga.

"Mimi nataka kuuliza hii vumbi," alisema. "Inakalia majani mpaka wanunuzi wanakataa. Yule wa kwanza alipitisha kidole hivi, akanirudishia. Sasa ni mwezi wa tatu sijauza kitu. Hata si mimi peke yangu, ni vile hawa wengine wananyamaza."

"Majani ya nini, mama?" Daktari akauliza, kwa ile sauti yake ya kumsaidia mtu kujinyonga.

"Muguka."

Pasta alianza kuchunguza viatu vyake. Daktari akafungua faili, akapekua taratibu, akatoa fomu. Nikautambua mwandiko kabla hajaiinua.

"Hapa nasoma ndengu. Sahihi hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Sasa mama, mazao ambayo hayako kwenye ripoti, kiwanda hakiwezi kulipia. Lakini kama afisa wangu aliandika kitu hukusema, niambie hapa mbele ya watu. Leo leo anaenda nyumbani, kazi hana."

Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwake. Ilinibidi niseme maneno manne tu: ni mimi niliyeandika hivyo. Nimeyahesabu sasa hivi tena kwa vidole. Wakati ule nilikuwa nafungua na kufunga kifuniko cha kalamu, nikifikiria kodi ya nyumba, na jinsi watu wa ofisini watakavyocheka.

Tata alinitazama. Si kwa hasira. Ningemshukuru kwa hasira. Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama nikiwa mtoto mwenye homa, anapopima kama nitaweza kutembea mwenyewe hadi zahanati.

Akaona siwezi.

"Ni mimi nilisema ndengu," akamwambia Daktari. "Huyu msichana aliandika tu vile nilimwambia."

"Kwa hivyo ulitudanganya?"

"Sikudanganya. Mimi hulima ndengu."

"Na haya majani?"

"Nimepewa na jirani."

Watu wakacheka. Majirani zake wenyewe, wenye majani meupe kama yake mashambani, wakamcheka mpaka wengine wakajipiga mapaja. Yule mzee wa vidole vya kijani alicheka hadi akakohoa. Sijui kama kiwanda kinaweza kututendea ubaya kuliko tunavyotendeana sisi.

Daktari akafunga faili. Akatangaza kwamba wiki ijayo watu wa mamlaka watakuja kutembelea shamba la kila aliyetia sahihi, na wakikuta kitu tofauti na kilichoandikwa, afisa aliyejaza fomu atajieleza. Akaninyooshea mkono ili watu wanijue.

Tata alikusanya majani yake, moja moja, akayafunga tena. Alinipita bila kunisalimu. Nadhani hata hilo alilifanya kwa ajili yangu.

Wakati wa kurudi Daktari alinisifu. Alisema fomu zangu ni safi, hazina maswali, na kwamba kazi ya Kibugu nitaiongoza mwenyewe. Huko kuna watu wanaotaka kupanua kiwanda karibu na msitu, na wakulima wake ni wa majani chai. Hao hawatamdanganya pasta. Majani yao yana heshima, yanachorwa hadi kwenye mabango. Nilisema asante. Kisha nikajaza ukaguzi wa leo kwenye simu kabla hatujafika mjini. Mazao yaliyoathirika: hakuna. Nikatuma.

Shukrani ya punda ni mateke, na mimi nimekwenda shule hadi chuo kikuu kujifunza kupiga teke.

Najua mtakachoniandikia hapo chini. Kwamba maisha ni magumu, kwamba bosi ndiye mbaya, kwamba nimwombe tata msamaha. Msijisumbue. Daktari ni mbaya, sawa, lakini yeye hamjui tata. Hakuwahi kula uji wake. Aliyemjua ni mimi, na nilimuuza mara mbili kwa ndengu.

Nilikuwa nimepanga kumalizia hapo. Ningesema najichukia, mngenipa pole, nikalala.

Lakini saa kumi na mbili kasoro tata alinipigia simu.

Nilidhani ananipigia kunitukana. Nilitamani anitukane, nilikaa kabisa kitandani nikajiandaa. Akaniuliza kama nimefika salama. Akaniuliza kama nimekula. Nyuma ya sauti yake nikasikia mlio, ta, ta, ta, kama wa shoka.

"Tata, nani anapasua kuni?"

"Si kuni, mwana wakwa. Nimeita watu wawili wanisaidie. Tumeanza kung'oa ile ya upande wa barabara, hii nyingine tutamaliza kesho."

Sikuelewa. Au nilielewa nikakataa.

"Hao watu wakikuja na hiyo karatasi yako wapate iko sawa," akasema. "Ndengu nitapanda mvua ikikuja. Saa hii nikisema nimetayarisha shamba, nani atabisha? Wewe usishtuke. Hata hivyo wanunuzi walikuwa wamekataa."

Miti ile aliipanda mumewe. Nilipokuwa mdogo alinionyesha mmoja karibu na choo akasema ule ndio sare yako ya shule, na ule mwingine ndio viatu. Nilikuwa nikienda kuisalimia nikitoka shule. Vumbi lingeweza kudhibitiwa siku moja, mtu mwingine angeweza kulalamika, ripoti ingeweza kurekebishwa. Mti uliong'olewa haurekebishwi na mtu.

Kulikuwa na neno moja la kumwambia. Wacha. Ni neno jepesi, hata mtoto anaanza nalo. Nikalishika mdomoni, na nyuma yake nikaiona ofisi, nikaiona Kibugu, nikaona wale watu wa mamlaka wakisimama katikati ya robo ekari ya muguka na fomu yenye mwandiko wangu.

"Asante, tata," nikasema.

Akaniambia nivae sweta, Embu kuna baridi mwezi huu.

Kesho kufikia saa sita mchana, fomu yangu itakuwa ya kweli.