Bendi Ilipita Mlangoni Kimya

Nyumba ya Grabner,
Eisenau, Austria.
3 Mei 2015

Mpendwa mwanangu Roswitha,

Pokea salamu za baba yako mkubwa. Nina miaka themanini na minane. Vita vimepita nikaviacha nyuma, nimemzika baba yako, nimemzika mke wangu, na hata madaktari wawili walioniambia niache sigara. U mzima? Watoto je? Huko Argentina baridi imeanza? Mimi mgongo unaniuma, lakini kuni napasua mwenyewe, na mtaani hapa hakuna kijana wa kunishinda.

Kakako Gernot unamwona kwenye picha za magazeti ninazokutumia. Mimi ndiye niliyemwingiza kiwandani akiwa bado mtoto, mimi ndiye niliyempeleka chamani. Akawa msemaji wa wafanyakazi, akawa meya, akawa mbunge, mpaka Waziri wa Kazi. Nimejisifia naye katika kila baa ya bonde hili mpaka watu wakawa wanahama meza.

Sasa sikia aibu. Alipotoka uwaziri akapewa kiti kwenye bodi ya kampuni iliyonunua kiwanda chetu. Machi wakatangaza kufunga karakana ya mabati, ileile alimoungulia mkono ujanani. Na aliyetokea kwenye televisheni kutueleza kwamba hakuna njia nyingine ni yeye, kwa sauti ileile aliyotumia kutuomba kura.

Unakumbuka Mei Mosi ya kwetu: alfajiri bendi inaamsha watu, na inaanzia mlangoni pangu, maana bendera ya chama nabeba mimi. Nikapanga glasi za pombe ya tufaha kwenye sinia, nikasimama kizingitini na koti langu la sherehe. Walipofika kona, ngoma ikanyamaza. Wakapita wameshusha tarumbeta, macho chini.

"Ewald!" nikamwita kiongozi wao. "Umesahau nyumba?"

"Sijasahau, mzee. Kwako watu wameshaamka. Kamwamshe Waziri wako!"

Wengine wakacheka. Mwanawe Ewald ni mmoja wa walioachishwa kazi. Nikarudisha sinia ndani, glasi zimejaa.

Saa nne Gernot akaja kama kila mwaka, ua jekundu la chama kifuani, tuandamane.

"Baba mkubwa, bendera iko wapi?"

"Ipo. Kwanza toa hilo ua."

"Utanifedhehesha mbele ya watu?"

"Watu walishapita."

Akalitoa polepole, akaliweka kwenye sinia. Nikamwambia akae, kiti kile ni cha baba yake, simfukuzi. Kisha nikaipeleka bendera mwenyewe hadi uwanjani, nikamkabidhi yule mwanawe Ewald, nikarudi. Hakuna aliyenizuia. Tukakaa na kakako tukisikiliza bendi kwa mbali, hakuna aliyenyanyua glasi.

Picha zake sikutumii tena. Usinilaumu.

Wasalimie mumeo Horacio na wajukuu zangu. Mungu akutunze, ingawa mimi na yeye hatusemezani sana.

Ukiona nimetia chumvi, muulize Traudl muuza mikate. Alikuwa dirishani tangu alfajiri, na siku hiyo hata yeye hakucheka.

Mzee wako, nikupendaye vilevile,
Alois Grabner