Kosa Moja, Karatasi Mbili

Jumatatu, 4 Machi

Zoezi la aljebra la kukusanywa saa nne. Nilikuwa maktaba tangu mlango ulipofunguliwa — nimeambulia patupu. Nadharia ya Galois imenigomea. Mlinganyo una mizizi, mizizi ina uga wake, yaani namba zote zinazojengwa nayo, uga una kundi lake, yaani njia za kuibadilisha mizizi nafasi. Mhadhiri anasema ni rahisi kama kuvaa viatu. Labda vyake havina kamba.

Binamu, tunayesoma darasa moja, alikwenda msalani, akaacha daftari wazi. Swali la tano, limejibiwa lote. Nililinakili neno kwa neno. Sikumwambia. Mimi, ambaye nyumbani wananiita Profesa, na niliyeagizwa nimsaidie yeye.

Jumatano, 6 Machi

Leo nimelirudia lile swali, mwanzo mpaka mwisho, na safari hii likafunguka. Ni x kwa kipeo cha nne, toa mbili. Binamu aliandika kwamba ukiongeza mzizi mmoja kwenye namba za kawaida, mitatu iliyobaki inakuja yenyewe. Kwa hiyo kundi lina wanachama wanne. Si kweli. Miwili ni namba changamano, haiji bila kuletwa. Wanachama ni wanane.

Kukosea si kitu. Lakini kukosea vile vile, mstari ule ule, watu wawili?

Alhamisi, 7 Machi

Tangazo ubaoni: namba zetu mbili za usajili. Kesho saa tatu, ofisini kwa mhadhiri.

Binamu ana onyo la mwaka jana. Likija la pili, anafungasha virago. Nimemkuta kitandani na viatu vyake miguuni. Akaniuliza, dada, imekuwaje tukafanana hivi? Nikamwambia tumefundishwa na mtu mmoja, ndiyo maana. Akaitikia. Kaniamini papo hapo.

Mama kapiga simu, salamu tu. Kasema nisimwache mwenzangu nyuma. Nikasema sawa, mama.

Ijumaa, 8 Machi

Benchi la nje ya ofisi.

Mhadhiri alitupatia chaki kwa zamu, turudie swali la tano ubaoni. Binamu alianza vizuri, akafika pale pale pa wanne, akakwama. Akafuta. Akaandika tena wanne. Ikaja zamu yangu. Ningeweza kukwama na mimi. Sikukwama. Nikaeleza mizizi yote minne, nikafika wanane bila kugeuka nyuma.

Mhadhiri akatabasamu. Akasema basi, mwenye kujua anaonekana. Akaniambia, kwenye karatasi ulikuwa na haraka tu. Akamwambia sekretari aandike barua ya onyo. Moja.

Nikarudisha chaki mezani.

Sasa tunasubiri. Binamu kakaa karibu yangu, vumbi la chaki kwenye sketi. Kaninong'oneza hivi:

"Dada, labda niliwahi kuona kwako nikasahau? Maana mimi najijua, kichwa changu kizito."

Nikamjibu hapana.

"Sasa ilikuwaje?"

Nikajifanya naandika. Ndiyo, hiki ninachoandika.

Anapanga sasa atakavyomweleza mama mkubwa, yaani mama yangu. Ananiuliza aanze na lipi. Hajalia. Afadhali angelia.

Mashine ya kuchapa imenyamaza. Kiti kimesogezwa. Sekretari kafungua mlango, barua mkononi, kaita namba ya binamu.

Nimesimama mimi.

Sekretari anasema si wewe, dada, mwenzio. Binamu ananivuta mkono nikae. Naandika nimesimama, maana nikifunga daftari itabidi niseme kwamba mimi ndiye nili—